Tusiishie Mtaa wa Bedford



Vijana wetu hapa New York wameomba jumuiya yetu iwalipie matembezi ya Greenwich Village, yale ya kuonyeshwa nyumba zilizotokea kwenye televisheni. Baadhi ya wazee wamehoji kwa nini michango yetu iende huko. Tahariri hii iko upande wa vijana, kwa sharti moja.

Kwanza, wanachokwenda kukiona. Kwenye kona ya Bedford na Grove lipo jengo ambalo watazamaji wa tamthilia ya Friends walilijua kwa miaka 10, kuanzia 1994, kuwa ndiko anakoishi Monica. Vyumba vyake, hata hivyo, vilijengwa studio huko Burbank, California. Hapa kamera ilichukua sura ya nje tu. Mtaa wa Perry namba 66 ziko ngazi za Carrie wa tamthilia ya Sex and the City, ambaye katika hadithi anakaa Upper East Side, mbali kabisa na hapo. Kijana akielezwa hayo akiwa amesimama mbele ya jengo lenyewe, ataanza kuitazama televisheni kwa jicho la fundi. Tunao watoto kadhaa wanaotamani kazi ya televisheni, na hilo pekee linatosha kuwalipia.

Ila wakumbuke kwamba mle ndani wanakaa watu. Mwaka 2025 kamati ya jiji inayolinda majengo ya kihistoria ilimruhusu mwenye nyumba ya Perry kuweka geti, kwa kuwa wageni hawakuisha kwenye ngazi zake. Watoto wetu wamelelewa kupiga hodi na kuondoka wasipoitikiwa. Basi wasimame ng'ambo ya barabara na sauti ziwe chini.

Sasa sharti. Matembezi yasiishie hapo. Yafuate Mtaa wa Bleecker kuelekea mashariki hadi unapokutana na Mercer. Mwaka 1821, wakati utumwa ulipokuwa bado halali katika jimbo hili, William Alexander Brown, mtu Mweusi aliyewahi kufanya kazi melini, alihamishia hapo kundi lake la maigizo, African Grove. Waigizaji wake walikuwa Weusi, na walicheza Shakespeare. James Hewlett alikuwa Richard III. Polisi waliwakamata jukwaani, wahuni wakawavamia, na baada ya miaka michache ukumbi ukafa. Kijana mmoja wa mji huu aliyehusiana na kundi hilo, Ira Aldridge, alivuka bahari mwaka 1824 kwenda Uingereza kwa sababu hapa hapakuwa na jukwaa la kumpokea. Mwaka 1833 alicheza Othello pale Covent Garden, London. Alizikwa Łódź, Poland. Mwana wa New York aliyelazimika kuishi ughaibuni ili afanye kazi aliyoipenda: nani kati yetu atahitaji kufafanuliwa maisha hayo?

Yapo pia ya zamani zaidi. Mwaka 1644 Waafrika 11 waliokuwa watumwa wa kampuni ya Waholanzi walidai uhuru wao. Walipewa nusu yake: mashamba, kodi ya kila mwaka, na watoto wao kubaki watumwa. Mashamba ya Weusi yalienea hadi karibu na Washington Square ya leo. Mmoja wa wale 11 aliitwa Simon Congo, mwingine Paulo d'Angola. Wanachama wetu waliotoka Kongo watayasikia majina hayo kwa namna yao.

Haiwezekani mtoto wetu aijue anwani ya Carrie, ambaye hakuwahi kuwepo, halafu apite Greenwich Village bila kuambiwa habari za Simon Congo.

Kwa hiyo kamati ya vijana iandike sharti hili kwenye makubaliano yake na watembeza wageni, na mweka hazina atoe fedha. Kiongozi akisema kipande hicho hakimo kwenye ratiba yake, aongezewe malipo ya saa moja. Akikataa, tuagane naye kwa shukrani palepale Bleecker, na mmoja wa wazee wetu aliyejiandaa aendelee kusimulia.

Mhariri