Mnatupostia kempa, mizani hamtupostii

Haya wadau, najua mmeshaiona. Ile kapo yetu ya Kibongo inayoishi Marekani (majina kapuni, mnawajua) imenunua kempa, kile kijumba kinachopakiwa mgongoni mwa pikapu, jiko ndani, choo ndani, kitanda juu ya kichwa cha dereva. Mashabiki kwenye komenti ni "Mungu nikumbuke na mimi" mwanzo mwisho. Chini kuna kodi ya punguzo ya muuzaji. Na baba mwenye gari anatuambia kwa kujiamini kabisa kwamba ni nyepesi tu, kilo 700.

Nyepesi ya wapi?

Hizo kilo 700 ni uzito mkavu. Yaani kempa tupu, haina maji, haina gesi, na haina hata kikorombwezo kimoja cha kuongeza. Nani ananunua kempa ya hivyo? Wao wenyewe wametuonyesha walivyojazia: AC juu ya paa, jenereta, betri mbili, mpaka turubai la kivuli. Basi tupige hesabu ya mama ntilie. Tangi la galoni 30 za Kimarekani ni lita 113 hivi, na kila lita ni kilo moja. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, pamoja na chuma chake, inakaribia kilo 35. Betri mbili za asidi kama 55, AC kama 40, jenereta kama 50. Jumlisha na zile 700, tumeshagusa tani moja, na hatujaweka sufuria wala mabegi ya shemeji yetu, ambaye tunamjua kwa pamba.

Sasa njoo kwenye pikapu. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo vikijumlishwa visizidi kilo ngapi. Watu NA mizigo. Baba, mama na watoto wawili wamo kwenye hesabu. Na namba hiyo ni ya gari hilo hilo lilivyotoka kiwandani, maana paa la kioo, 4x4 na milango minne vyote vinapunguza. Ndiyo maana pikapu ya kishua mara nyingi inabeba kidogo kuliko ile ya fundi bomba. Vikorombwezo vinakula pande mbili, juu na chini.

Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji abandike kwenye kempa uzito wake ikiwa na vifaa vya kawaida, maji, gesi na friji. Vifaa vya KAWAIDA. Vya kuongeza, kibandiko chenyewe kinakwambia ukatafute kwenye kitabu. Kwa hiyo muuzaji hadanganyi, anakuacha ujidanganye. Huyo simlaumu sana, anatafuta ugali. Nawalaumu nyinyi mnaokula hela ya tangazo halafu mnatusomea namba ya brosha.

Najua watetezi mko njiani. "Si ameongeza springi za upepo?" Ameongeza, sawa. Zinanyanyua makalio ya gari lisiiname kwenye picha. Breki ni zile zile, ekseli ile ile, na kibandiko cha mlangoni hakijabadilika hata nukta. "Mbona wamefika salama?" Lori lililozidisha nalo hufika salama mara kumi, waulizeni madereva wanaoshuka Kitonga kuhusu mara ya kumi na moja. Na nyie wa "wivu tu", mtoto wa watu amekaa kiti cha nyuma, tani nzima iko nyuma ya kichwa chake. Nimwonee wivu wa nini?

Kilichoniuma zaidi ni mdada mmoja kwenye komenti zao, yuko huko huko Marekani, anasema ameanza kudunduliza anunue hiyo hiyo, na pikapu hiyo hiyo. Wamempa kopa. Ndiyo jibu.

Vituo vingi vya malori huko vina mizani ya kulipia. Unapanda na gari, unapewa karatasi, na bei yake haifiki hata chakula cha watu wawili. Nendeni mkiwa mmejaza maji, gesi, watoto ndani, kila kitu. Piga picha karatasi na kibandiko cha mlango, post. Nitaiweka hapa juu kabisa ya blogu wiki nzima, na kodi yenu ya punguzo nitaiweka pia, bure.