Masafa ya Kapanga yasigawiwe kwa kipimo cha Kinshasa

Anayetaka kufungua televisheni au radio hapa Musumba hawezi tu kununua mitambo, kusimamisha antena na kuanza kusema. Lazima kwanza apewe masafa, yaani njia yake hewani, ili sauti yake isigongane na ya jirani. Njia hizo ni mali ya umma. Anayezisimamia ni ARPTC, mamlaka yenye makao Kinshasa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. CSAC, iliyoundwa mwaka 2011, inaangalia yanayosemwa humo.

Lakini hata Kinshasa haigawi inavyotaka. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Afrika, Ulaya na jirani zao zilikubaliana kila moja itumie chaneli zipi za televisheni na katika eneo gani, kwa sababu mawimbi hayaonyeshi pasipoti mpakani. Watu wa Musumba hawahitaji kufundishwa hilo. Nchi ya Mwant Yav ilienea kabla mipaka haijachorwa, na mpaka leo mikoa miwili ya Angola inaitwa Lunda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Televisheni ya UHF ina nafasi kati ya megahezi 470 na 694, na kila chaneli inachukua megahezi 8. Basi chaneli ni 28, kuanzia ya 21 hadi ya 48. Zilizokuwa juu ya hapo, hadi 862, zimeachiwa simu. Radio za FM zinabanana kati ya 87.5 na 108. Kinshasa, ambako vituo ni vingi mno, kusema "nafasi hakuna" kunaeleweka. Kwa Kapanga neno hilo halina maana. Mnara wa FM unafika makumi ya kilomita tu. Chaneli inayotumika Kinshasa inaweza kutumika tena huku bila kumsumbua mtu. Kinachokosekana huku ni pesa, umeme, na mtu wa kufuata faili ofisi hadi ofisi katika mji ulio mbali hivyo.

Hapo ndipo ugawaji unapokuwa na dhuluma hata kama sheria haina ubaguzi. Mwenye kampuni au mwanasiasa ana mwakilishi Kinshasa. Kikundi cha akina mama, parokia ya kijijini au wahami waliopanga chumba kimoja hawana.

Na wahami ndio wanaohitaji sauti ya karibu kuliko wote. Mwaka 2017, vita vya Kamuina Nsapu katika Kasai, jirani yetu wa kaskazini, vilisukuma zaidi ya watu 30,000 kuvuka hadi Lunda Norte, Angola, mbali na wale waliohama ndani ya nchi. Mtu wa namna hiyo anataka kujua barabara ipi ni salama, chanjo inatolewa wapi, shule inapokea watoto lini, na nani anamtafuta. Anataka kuyasikia kwa lugha yake. Habari za mkutano wa mawaziri zinaweza kungoja.

Dijitali ingeweza kusaidia. Makubaliano ya Geneva yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analogi ya UHF. Chaneli moja iliyokuwa inabeba kituo kimoja sasa inaweza kubeba kumi na zaidi, kama basi linalobeba abiria wengi. Swali jipya ni hili: nani ana basi, na nani anapewa kiti? Tanzania, iliyoanza kuzima analogi Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ilitenganisha wenye minara na wenye vipindi. Kampuni tatu zilipewa leseni ya kubeba chaneli za wengine. Mpango huo una matatizo yake, na dekoda hainunuliwi na kila familia, lakini angalau inajulikana nani wa kuulizwa.

Wapo wanaoogopa radio ndogondogo kwa sababu ya RTLM ya Rwanda mwaka 1994. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ila RTLM haikuwa ya kijijini wala ya kujificha: ilikuwa na kibali na wakubwa nyuma yake. Kuwanyima wadogo masafa hakuzuii chuki ya wakubwa. Kinachozuia ni CSAC kusikiliza na kuchukua hatua mapema.

Wabunge waliochaguliwa Kapanga wana kazi hapa. Waombe masafa ya FM yatengwe kwa vituo vya jamii katika kila teritware, na kiti kimoja katika kila basi la dijitali la jimbo. Ada yake ipimwe kwa mfuko wa Musumba. Faili ipokelewe Kolwezi. Na mwenye masafa anayekaa kimya mwaka mzima ayarudishe, apewe mwingine aliye na la kusema.