Tafsida Isiyotibu

Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos, ni mji uliojijengea jina duniani kwa vinyago. Hata hivyo, sokoni humo, kama katika masoko mengi nchini, mpita njia hakosi kukutana na bidhaa nyingine: vichupa na vidonge vya “nguvu za kiume”.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Ugomvi wangu ni na msemo wenyewe. Tafsida ni pambo la lugha yetu, na hakuna mwalimu asiyeifunza. Lakini tafsida hii imebebeshwa maradhi mawili yasiyofanana. Yupo mwanamume ambaye uume wake hausimami. Yupo pia yule asiye na dosari hiyo, ila manii humtoka mapema mno, pengine katika muda wa takriban dakika 1, asiweze kujizuia, naye akabaki na majonzi. Wote wawili huambiwa kwamba wamepungukiwa na nguvu, kisha wakauziwa kichupa kimoja.

Matokeo yake ni nini? Sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, hutibu tatizo la kwanza. Mwenye la pili akiimeza kiholela huenda asipate nafuu, na iwapo anatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu laweza kushuka hata akapoteza uhai.

Ilhali tatizo la pili lina tiba zake. Ipo krimu ya lidokaini, ipakwayo kupunguza hisi na kufutwa kabla ya tendo, isije ikamfisha mke ganzi. Zipo dawa za sonona, kama vile paroksetini na sertralini, ambazo huchelewesha manii kwa kuathiri serotonini mwilini. Hizi humezwa kila siku, huchukua muda kufaa, na haziachwi ghafla. Ipo dapoksetini, ianzayo kuidhinishwa Finland na Sweden mwaka 2009, imezwayo saa 1 hadi 3 kabla ya tendo. Hizi za kumeza zataka cheti cha daktari. Tramadoli, inayosifiwa vichochoroni, huleta uraibu. Na yapo mazoezi ya kusita na kuendelea, yaliyoelezwa na daktari James Semans mwaka 1956, yasiyogharimu hata senti.

Kuna watakaosema kwamba mzee wa Kikamba hawezi kuyatamka haya mbele ya muuguzi aliye rika la bintiye. Naistahi haya hiyo. Lakini adabu si ububu. “Manii hunitoka mapema” ni sentensi safi ya Kiswahili, isiyo na tusi ndani yake, na yatosha kumwelekeza tabibu kwenye dawa ifaayo.

Walimu wenzangu, tunapofundisha tafsida, tufundishe pia mipaka yake. Nanyi wanafunzi, mtakaokuwa waume na wake kesho, kumbukeni waliyonena wahenga: mficha uchi hazai. Ndoa ngapi zimevunjika kwa kukosa sentensi moja?