Bi harusi asikalishwe mbele ya spika

Sisi tunaoshona nguo za harusi hukaa ukumbini mpaka mwisho, maana zipu haiaminiki. Na kila mara tunaona yale yale: bi harusi anapandishwa jukwaani, ubavuni kwake spika ndefu kumshinda. Mama yake anamsemea sikioni, bado hasikii. Kesho yake masikio yanavuma, anaambiwa ni uchovu.

Si uchovu. Ndani ya sikio mna vijinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvichosha. Vikipumzika vingine hurudi, lakini vikifa haviot­i tena. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, imewawekea wafanyakazi kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikizidi 3, muda hupungua nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Muziki wa ukumbini hufika huko bila tabu, na bi harusi hukaa pale usiku mzima. Na watoto je, wanaocheza miguuni mwa spika?

Hatusemi harusi iwe kimya. Dufu na vigelegele ni vyetu. Lakini Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti, nasi tunamlipa mtu atupigie kelele! Shoga, unapolipa kishika nafasi, toa na sharti lako: spika zikae mbali na jukwaa, na sauti ipungue. DJ akinuna, anune.