Pimeni fulana mbele ya aliyekosa

Zabuni ya fulana za kuzuia risasi ikitolewa Marekani, aliyeikosa anaweza kwenda moja kwa moja kwa wakili. Ana siku 10 za kupeleka malalamiko Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, nayo ofisi ina siku 100 za kuamua. Akiwahi vya kutosha, sheria ya ushindani katika mikataba ya 1984 inasimamisha mkataba mpaka uamuzi utoke, labda jeshi liseme kuna dharura. Muda wote huo mawakili wanabishana kuhusu kifungu gani cha zabuni kilisomwa vipi. Askari ambaye fulana ni yake hayumo kwenye kikao.

Haki ya kulalamika hatuigusi. Aliyeweka fedha zake kwenye zabuni lazima aweze kuuliza kwa nini amekataliwa, na hata Kenya sheria ya ununuzi ya 2015 inampa siku 14 kufika mbele ya bodi ya rufaa. Shida ni kwamba rufaa ya namna hii haifiki kwenye swali lenyewe. GAO inatazama kama jeshi lilifuata masharti yake lenyewe na kama tathmini yake ina mantiki. Kama risasi inapita au haipiti, hilo limeachiwa ripoti ya vipimo, na ripoti hiyo imeandikwa na upande unaolalamikiwa.

Mfano anaujua kila mtu aliyefuatilia biashara hii: Dragon Skin, fulana ya kampuni ya Pinnacle Armor ya Fresno, California. Badala ya bamba moja la kauri, ilikuwa na visahani vilivyopandana kama magamba. Machi 2006 jeshi la nchi kavu lilipiga marufuku askari kuvaa fulana walizojinunulia, na Dragon Skin ikatajwa kwa jina. Mei mwaka huohuo likaipima katika maabara ya H.P. White, Maryland. Kwa maelezo ya jeshi, risasi 13 kati ya 48 zilipenya, na joto kali lililegeza gundi hata visahani vikateleza kutoka mahali pake.

Ni matokeo mazito hayo. Yangetosha kumaliza ubishi siku ileile. Badala yake yalikaa kabatini mwaka mzima, na mwaka mzima familia za askari zikaendelea kuuliza kwa nini watoto wao wananyimwa fulana bora. Mei 2007 televisheni ya NBC ikafanya majaribio yake Ujerumani na kuonyesha Dragon Skin ikifanya vizuri. Hapo ndipo jeshi likaita waandishi, likatoa takwimu na picha za eksirei. Mwenye kampuni akasema vipimo havikuwa vya haki, na kwa kuwa hakuna mtu wa tatu aliyekubaliwa na pande zote, kila upande ulibaki na majaribio yake na wafuasi wake.

Tunaamini jeshi lilikuwa sahihi kuhusu fulana ile. Lakini kuwa sahihi huku umefunga mlango hakumsaidii mtu, maana anayesimama nje hana namna ya kujua. Hakuna anayenunua sukari dukani akakubali mwenye duka aipime nyuma ya pazia, hata kama mwenye duka ni mwaminifu.

Na jeshi lenyewe lilikuja kuonyesha kwa nini pazia lina hatari. Vipimo vya mabamba ya fulana vilihamishwa kutoka maabara binafsi kwenda kituo chake cha Aberdeen, Maryland, na Bunge likaitaka GAO ipeleke watu wakaangalie. Namna ya kupima ni rahisi kuielewa. Bamba linawekwa mbele ya sanduku lililojaa udongo laini, aina ileile wanayotumia wachongaji sanamu, kisha linapigwa risasi. Hata risasi isipopenya, bamba linabonyea kwa nyuma na kuacha shimo kwenye udongo. Shimo likizidi milimita 43, bamba limeanguka, maana mbonyeo huo ungekuwa kwenye kifua cha mtu. Udongo ukiwa na joto zaidi ni laini zaidi, ukipoa ni mgumu, kwa hiyo hata hali ya hewa ya chumba inaweza kumpa mtu mkataba au kumnyima.

Oktoba 2009 GAO ikaandika ilichokiona. Vipimo vya mashimo vilikadiriwa kwa namba kamili, kwa hiyo milimita 43 na ushei kidogo ikaweza kusomeka 43. Kilitumika kifaa kipya cha leza ambacho hakikuwa kimethibitishwa ipasavyo. Mahali ambapo vipande vilipita bamba, haikuhesabiwa kuwa risasi imepenya mpaka nyuzi za kitambaa cha nyuma zionekane zimekatika. Bila hatua hizo, baadhi ya mabamba yaliyopata mikataba yangeanguka. Jeshi lilishikilia kwamba mabamba ni salama. Huenda ni kweli. Lakini mzabuni aliyekataliwa akisoma ripoti ile atarudi kwa wakili wake mbio, nasi hatuwezi kumlaumu.

Angalieni kilichotokea hapo. Ofisi ileile inayosikiliza malalamiko kwa makaratasi ilipoingia chumba cha kupimia na kusimama karibu na udongo, iliona mambo ambayo makaratasi yasingeonyesha. Dawa ndiyo hiyo, na ilishajaribiwa. Kila zabuni ya fulana iwe na mpimaji asiye muuzaji wala mnunuzi. Masharti yaandikwe kabla ya risasi ya kwanza na yasiguswe katikati ya kazi. Kila mzabuni aruhusiwe kutuma mtu wake mmoja kushuhudia bidhaa yake ikipigwa, na aondoke siku hiyo na karatasi ya matokeo yake yote.

Hii inamlinda hata aliyeshinda, kwa sababu kushinda zabuni nako si cheti cha ubora. Mei 2005 kikosi cha wanamaji cha Marine kilirudisha fulana 5,277 za Point Blank, kampuni iliyokuwa na mikataba mikubwa, baada ya gazeti kufichua kwamba zilipokewa ingawa wakaguzi walikuwa na mashaka nazo. Januari 2009 jeshi la nchi kavu likaondoa kazini seti 16,413 za mabamba baada ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi kusema hayakupimwa ipasavyo mwanzoni. Mabamba hayo hayakuwa ya walioshindwa.

Tutaambiwa kuna siri: adui akijua bamba linazuia nini, atatafuta risasi nyingine. Sawa, yafiche hayo. Mzabuni anahitaji matokeo ya bamba lake, hana haja na ya jirani yake, na shahidi anaweza kula kiapo kama wanavyokula wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Isitoshe, mwaka 2007 siri ilianikwa mbele ya kamera mara tu jeshi lilipoona jina lake linachafuka.

Kisingizio kingine ni gharama na muda. Kiti cha shahidi mmoja ndani ya chumba cha kupimia na kurasa chache za matokeo, dhidi ya siku 100 za mkataba uliosimama na bili za mawakili wa pande zote. Mahesabu hayo yafanywe na mhasibu yeyote wa jeshi kabla zabuni ijayo haijatangazwa.