Bafle zetu, zamu kwa zamu



Katika chumba chetu cha mafunzo tuna bafle jozi moja tu. Asubuhi tunazitumia na ordinatere kwa somo la kusoma na kuandika. Mchana tunazihamisha kwenye telefone, tusikilize habari pamoja. Kila siku tulichomoa fishi na kuichomeka tena. Mwishowe tundu la ordinatere likalegea, sauti ikawa inakatika, na wamama wanaokaa nyuma wakakosa somo.

Tundu limetengenezwa, na sasa tunatumia kisanduku kidogo cha kuchagua sauti. Kina matundu matatu ya milimita 3.5: moja la bafle, moja la ordinatere, moja la telefone. Ukibonyeza kifungo, unachagua chombo kitakachosikika. Hakihitaji umeme wake, kwa maana kinabadilisha njia ya waya tu.

Mkitaka kununua, angalieni kwanza kama telefone yenu ina tundu la fishi. Nyingi za kisasa hazina. Msidanganyike na waya wa bei ndogo wenye mikia miwili: huo unafunganisha vyombo vyote pamoja, na kimoja kinaweza kudhuru kingine. Tena, punguzeni sauti kabla ya kubonyeza.

Nyumbani pia, watoto na baba wakigombania bafle, kisanduku kitasaidia. Lakini zamu mtazipanga ninyi wenyewe. Hakuna kifungo cha kazi hiyo.

Tuonane juma lijalo.