Jeanne Hakunyimwa Kiti na Sheria

Muulize aliyesoma historia ya Ufaransa kwa nini nchi ile haikuwahi kutawaliwa na mwanamke aliyerithi kiti cha baba yake. Atakujibu bila kusita: ilikatazwa na Sheria ya Kisali, sheria ya Wafaranki wa enzi za mfalme Clovis. Jibu hilo limezoeleka hata vitabuni, nami nalipinga kwa moyo wote, kwa sababu linamsafisha mtu mzima aliyempokonya mtoto yatima haki yake.

Yatima huyo ni Jeanne. Baba yake, Louis wa 10, alifariki Juni 1316 akiwa ameacha mke mjamzito, Clémence. Jeanne, mtoto wa mke wa kwanza, alikuwa na miaka 4. Tangu Hugues Capet atawazwe mwaka 987 kila mfalme alikuwa ameacha mtoto wa kiume, kwa hiyo swali la binti halikuwahi kuulizwa. Baba yake mdogo, Philippe, alishika utawala wakati mimba ikisubiriwa, na Julai akapatana na Eudes, mtawala wa Burgundy na mjomba wa Jeanne, kwamba asipozaliwa mvulana, haki za Jeanne zingebaki wazi mpaka akue. Kama sheria ilikwisha kumfungia mlango, walikuwa wanapatana nini?

Novemba Clémence alijifungua mvulana, Jean wa 1, akaishi siku 5 tu. Philippe hakungoja. Tarehe 9 Januari 1317 alitawazwa Reims, milango ya mji ikiwa imefungwa na kulindwa. Bibi mzaa mama wa Jeanne, Agnès, binti wa Mtakatifu Louis, alipinga. Hapo ndipo Philippe akaita mkutano Paris, mwezi Februari, ukatamka kwamba mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Angalieni mpangilio huo: taji kwanza, kanuni baadaye. Na mjomba? Mwaka 1318 alimwoa binti wa Philippe, akanyamaza.

Wapo wanaokumbusha kwamba mama yake Jeanne, Marguerite, alikamatwa mwaka 1314 kwa tuhuma za uzinzi, hivyo nasaba ya mtoto ilitiliwa shaka. Ni kweli minong'ono hiyo ilimwumiza sana. Lakini penye sheria iliyo wazi hakuna haja ya kumchafua marehemu ili kumzuia mwanawe.

Sheria ya Kisali yenyewe ipo. Sehemu kubwa yake ni faini: za wizi wa nguruwe, za mizinga ya nyuki, za majeraha. Kifungu kinachowataja wanawake kinahusu urithi wa ardhi ya ukoo. Taji halimo. Aliyekifukua ni Richard Lescot, mtawa wa Saint-Denis, mwaka 1358, Ufaransa ikiwa vitani na Edward wa 3 wa Uingereza, aliyedai kiti kwa haki ya mama yake, Isabelle, shangazi wa Jeanne. Waandishi wa karne ya 15 ndio waliokigeuza kuwa msingi wa ufalme wote.

Jeanne aliambulia ufalme wa Navarre mwaka 1328, tena baada ya kuachia jimbo la Champagne. Tauni ilimwua mwaka 1349. Lescot alipofungua kitabu chake, Jeanne alikuwa na miaka 9 kaburini.